Azimio la Arusha na Waraka Na. 10 wa Kenya: uanze na andiko lipi?

Anayetaka kuyahoji masuala ya maendeleo, urithi wa ukoloni na uongozi wa baada ya uhuru kwa kawaida huelekezwa kwenye vitabu vizito vya nadharia, na wengi huviweka chini kabla ya sura ya tatu. Ipo njia nyepesi zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo sahihi: anza na maandiko ya watawala wenyewe, yaani maazimio, nyaraka za serikali na ripoti za wakopeshaji. Mengi ni mafupi. Yana ahadi unazoweza kuzikagua kwa kuzilinganisha na sheria na bajeti zilizofuata. Ukishayasoma, mchambuzi hawezi tena kukufanyia kiini macho, maana utajua alichokiruka.

Kwa msomaji wa Kiswahili washindani ni wawili. Lipo Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, mjini Arusha kati ya tarehe 26 na 29 Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Na upo Waraka Na. 10 wa 1965 wa Serikali ya Kenya, unaohusu ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango. Wakenya wenyewe huuita Sessional Paper Number Ten. Waandishi ni majirani waliotawaliwa na Mwingereza yuleyule. Maandiko yamepishana kwa chini ya miaka miwili, na yote mawili yanajiita ya kijamaa. Yakaelekea pande tofauti kabisa.

Kwa mwenye haraka: kama kikundi chenu kinasoma kwa Kiswahili na mna jioni moja tu, someni Sehemu ya Tatu ya Azimio. Kama swali lenu ni kwa nini baadhi ya maeneo yameachwa nyuma, anzeni na aya ya 133 ya Waraka. Kama mnasoma uongozi, msichague. Yawekeni mezani yote mawili.

| | Azimio la Arusha | Waraka Na. 10 |
|---|---|---|
| Mwenye andiko | Chama (TANU), rasimu ya Nyerere | Serikali, chini ya wizara ya mipango ya Tom Mboya |
| Lugha ya asili | Kiswahili | Kiingereza cha wachumi |
| Muundo | Sehemu tano, mtindo wa hotuba | Aya zenye namba, zaidi ya 130 |
| Kikwazo kinachotajwa | Unyonge, unyonyaji, kutegemea fedha | Uhaba wa mtaji, wataalamu na fedha za kigeni |
| Mali ya kiongozi | Imewekewa masharti | Haina sharti linalolingana na hayo |

Fuata shilingi moja

Kila andiko la maendeleo lina maneno mengi mazuri, na maneno hayo yanafanana mno. Kinachotofautisha ni fedha. Kwa hiyo kipimo chetu ni shilingi moja: imetoka kwa nani, inapelekwa wapi, na nani atakayeirudisha? Msomaji anayeshikilia maswali hayo matatu hapotei hata katika andiko la kurasa 200.

Sehemu ya Tatu ya Azimio, ile ya kujitegemea, inaifuata shilingi hiyo hatua kwa hatua. Inaanza kwa kusema tuko vitani dhidi ya umaskini, na kwamba tumechagua silaha tusiyo nayo, yaani fedha. Kisha inapekua kila mfuko ambamo fedha zingeweza kutoka: kodi, zawadi za nje, mikopo, vitega uchumi vya wageni. Inauliza kama zitatosha. Halafu inauliza swali gumu zaidi: hata kama zingetosha, je, hivyo ndivyo tunavyotaka? Jibu lake ni kwamba zawadi na mikopo vitauhatarisha uhuru wetu.

Kifungu chenye uzito kuliko vyote hunukuliwa mara chache. Mkopo wa nje unajenga hospitali, barabara za lami na viwanda, na sehemu kubwa ya hivyo iko mjini. Mkopo hurudishwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni hupatikana kwa kuuza mazao nje. Mazao yanalimwa kijijini. Kwa hiyo deni la mjini linalipwa na mkulima asiyeiona lami hiyo, na Azimio linaonya kwamba tusipoangalia, unyonyaji halisi wa Tanzania utakuwa wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima. Weka alama hapo. Tutaparudia tutakapofika 1981.

Aya ya 133 ya Waraka inaifuata fedha hiyohiyo kwa hesabu badala ya onyo. Inasema fedha za maendeleo ziwekezwe zitakakoongeza pato kwa wingi zaidi, na inakiri waziwazi kwamba njia hiyo itayapendelea maeneo yenye rasilimali nyingi, ardhi nzuri na mvua, usafiri na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Inatoa na mfano: pauni milioni 1 ikiwekwa eneo moja huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000, na ikiwekwa eneo jingine pauni 100,000. Basi wekeza la pili. Nchi itakuwa na pauni 80,000 zaidi kwa mwaka, na kutokana na ziada hiyo itaweza kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku au mikopo nafuu.

Hesabu haina kasoro. Kasoro iko katika mambo matatu yasiyoandikwa. Kwanza, usafiri na umeme si vipaji vya asili kama mvua. Reli na barabara za Kenya zilifuata mashamba ya walowezi, kwa hiyo "eneo lenye faida" ni kwa sehemu eneo ambalo serikali ya kikoloni ilikwisha kulitangulizia fedha. Kaskazini, kinyume chake, palikuwa eneo lililofungwa kwa sheria tangu 1902, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Pili, utayari wa watu kupokea maendeleo unapimwa na nani, na kwa mizani gani? Mwaka huo wa 1965 sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta, yaani uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Tatu, na hili ndilo kubwa: zile pauni 80,000 zingelifikiaje eneo la kwanza? Aya haitaji mfuko, asilimia wala tarehe.

Mfuko ulipatikana miaka 45 baadaye. Ibara ya 204 ya Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda Mfuko wa Usawazishaji, ikautengea nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Mkisoma aya ya 133 na Ibara ya 204 katika kikao kimoja mtapata somo ambalo vitabu vitatu haviwezi kuwapa. Ya kwanza inatoa ahadi bila fedha. Ya pili inakiri kwa lugha ya sheria kwamba ahadi haikutimia.

Hata hivyo tusiuonee Waraka. Uliandika kwa uwazi jambo ambalo serikali nyingi zililifanya kimyakimya, na hauwezi kubeba peke yake lawama ya yote yaliyofuata. Uwazi huo ndio unaoufanya uwe andiko zuri la kujifunzia: mpinzani wako ameandika hoja yake, na aya ameipa namba.

Lugha si jambo dogo

Hapa Azimio linaushinda Waraka kwa mbali. Lilijadiliwa na kuchapishwa kwa Kiswahili kwanza. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwanzoni ilikuwa na utata, ikabidi irekebishwe. Maana yake, msomaji wa Kiswahili anashika andiko la asili, na profesa wa ng'ambo ndiye anayeshika nakala. Ni nadra sana kwetu, kwa hiyo msiipoteze nafasi hiyo kwa kunukuu tafsiri ya Kiingereza na kuirudisha tena katika Kiswahili, kosa ambalo wanafunzi wa vyuo hulifanya kila mwaka.

Maneno matatu yanahitaji kusimamiwa. La kwanza ni "siasa". Mwaka 1967 neno hili lilifanya pia kazi ambayo leo tunaipa "sera". Azimio linaposema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, kijana wa leo husikia "siasa safi" akadhani ni kampeni bila rushwa. Waandishi walimaanisha mwelekeo wa nchi, yaani ujamaa na kujitegemea. Yote mawili yamo ndani ya neno, ila tafsiri ya Kiingereza ilichagua upande mmoja tu.

La pili ni "unyonge". Kiingereza kiliuweka kama udhaifu, kana kwamba ni upungufu wa misuli. Mnyonge wa Kiswahili ni mtu ambaye haki yake inaweza kukaliwa na asiwe na pa kushtakia. Ndiyo maana tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tofauti hiyo inabadilisha hoja nzima: dawa ya udhaifu ni lishe, dawa ya unyonge ni madaraka.

La tatu ni kauli ya kutendwa. Azimio linasema tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Vitenzi vitatu, vyote vinaishia na -wa, na mtenda hatajwi. Halafu linasema unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Someni kwa sauti, kisha ulizeni: mtendaji ameachwa kwa sababu anajulikana, au kwa sababu orodha yake ingemgusa hata aliyekaa ukumbini? Kikundi kitagawanyika, na ubishi huo una faida.

Waraka hauna utajiri huo, ila una faida ya aina nyingine. Kila aya ina namba, kwa hiyo ubishi unakuwa mfupi: "iko wapi?" "aya ya 133." Kwa kikundi kisichozoea Kiingereza cha wachumi, msitafsiri Waraka wote. Chukueni aya kumi, mmoja azifasiri nyumbani, na kikundi kisahihishe pamoja.

Kiongozi na mali yake

Sehemu ya Tano ya Azimio ina Masharti ya Viongozi, na kila sharti linaweza kukaguliwa kwa ndiyo au hapana. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na "kiongozi" amefafanuliwa: wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika, watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu. Tena si yeye tu, bali mume na mkewe, au mke na mumewe. Walioandika walijua mali hulala wapi.

Waraka hauna kitu cha kulinganisha na hayo. Unatahadharisha juu ya mali na nguvu za uchumi kurundikana kwa wachache, unataja kodi na udhibiti, lakini mfuko wa mtumishi wa umma haukuguswa. Ili mwone kilichofuata, tafuteni ripoti ya Tume ya Ndegwa ya 1971, iliyopendekeza watumishi wa umma wa Kenya waruhusiwe kumiliki biashara. Wekeni pendekezo hilo ubavuni mwa Masharti ya Viongozi: nchi mbili jirani, miaka minne tu kati yake, na majibu yanayopingana juu ya swali moja, je, anayetoa leseni awe pia mwenye duka?

Usiishie 1971, lakini. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti hayo: hisa, nyumba za kupangisha na mishahara miwili vikaruhusiwa. Anayesoma Azimio bila kujua uamuzi wa Zanzibar anasoma nusu ya kesi. Na anayedhani Azimio tangu mwanzo lilifunga pande zote mbili za Muungano akumbuke lilikuwa la TANU. ASP, chama tawala cha Zanzibar, iliungana nayo kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili baada ya kutangazwa.

Kama uongozi ndio mada yenu kuu, lipo andiko la tatu linaloyashinda yote mawili kwa ufupi na ukali: Mwongozo wa TANU wa 1971. Kifungu cha 15 kinamkataza kiongozi kuwa na kiburi, anasa, dharau na uonevu. Kifungu cha 28 kinafafanua maendeleo kwa namna ambayo wakopeshaji hawajaikubali mpaka leo: kitendo kinachowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ni cha maendeleo hata kama hakiongezi afya wala chakula, kinachowapunguzia uwezo huo si cha maendeleo hata kama kinaongeza. Wafanyakazi walikichukua kifungu cha 15 wakaenda nacho viwandani, wakagoma wakiwataja mameneja kwa maneno ya chama chenyewe, hadi serikali ikageuka kuwazuia. Andiko la watawala lilikuwa limegeuka silaha mikononi mwa watawaliwa. Waraka Na. 10 haukuwahi kutumika hivyo, na hapa usisingizie lugha peke yake: hauna sentensi ambayo mfanyakazi angeweza kumsomea bosi wake.

Ukoloni ambao kila andiko linaunyamazia

Maandiko yote mawili yanaulaani ukoloni kurasa za mwanzo na kuurithi kurasa za baadaye. Kuuona urithi huo kunahitaji andiko la kikoloni ubavuni.

Kwa Waraka, andiko hilo ni Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotolewa katikati ya vita vya Mau Mau. Ulitaka mashamba ya Waafrika yaunganishwe, yapimwe, yapewe hati za mtu mmojammoja, na yapandwe mazao ya biashara. Ulisema bila kupepesa macho kwamba Waafrika wenye uwezo, bidii au mali watapata ardhi zaidi na wakulima wabaya au maskini watapata pungufu, litokee tabaka lenye ardhi na tabaka lisilo nayo, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika ukuaji wa nchi. Sasa fungueni Waraka palipoandikwa ardhi. Unasema fedha zinazonunulia mashamba ya walowezi kwa ajili ya makazi mapya zingeleta tija katika ekari mara nne hadi sita zaidi kama zingetumika kuunganisha, kupima na kuandikisha ardhi katika maeneo ya Waafrika. Kiuchumi hoja ina mantiki. Kihistoria ni Swynnerton amevaa bendera mpya. Aliyepoteza ardhi Bonde la Ufa hakuuliza ekari zipi zina tija. Aliuliza yake iko wapi. Tatizo lilionwa mapema: mwezi Julai 1965 mchumi Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, aliuchambua Waraka katika jarida la East Africa Journal, akahoji hati za mtu mmojammoja na kimya juu ya nani anaushika uchumi. Makala yake ni fupi, na inafaa kusomwa mara tu baada ya Waraka.

Azimio nalo lina kimya chake. Linataja ardhi kama moja ya mahitaji manne, lakini haliulizi sheria inasema ardhi ni ya nani. Sheria ya Ardhi ya 1923 ya Waingereza iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya uhuru, pale palipokuwa na Gavana pakawekwa Rais. Ardhi ya kila mtu ikabaki mikononi mwa dola, kama Mwingereza alivyoiacha. Ilipofika Operesheni Vijiji, yaani kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, baada ya amri ya Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, dola haikuhitaji kumnyang'anya mtu hati; wengi hawakuwa nayo. Zilingojewa sheria mbili za ardhi za 1999 ili haki ya mwanakijiji ipewe maandishi.

Hapo hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote hutokea. Watu huhukumu Azimio kwa sababu ya Operesheni Vijiji. Azimio la Februari 1967 haliamuru mtu kuhamishwa. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilitolewa Septemba 1967, nayo ilisisitiza hiari. Mwaka 1969 Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, muungano wa vijiji vilivyojiendesha vyenyewe kwa hiari, kilipigwa marufuku na TANU. Amri ikaja 1973. Swali la maana ni hili: katika miaka hiyo sita ni nini kiligeuza hiari kuwa lazima? Msomaji anayeruka kutoka 1967 hadi 1973 amelikosa.

Msipotosheka: jozi ya 1980 na 1981

Anayetaka kusoma misaada na wakopeshaji ahamie jozi nyingine. Mpango wa Utekelezaji wa Lagos ulipitishwa na wakuu wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Aprili 1980. Una sura 13, mojawapo juu ya wanawake, na unatafuta chanzo cha mgogoro hasa nje: urithi wa ukoloni, bei za mazao, utegemezi. Ripoti ya Berg, inayoitwa kwa jina la mchumi Elliot Berg aliyeiongoza, ilitolewa na Benki ya Dunia mwaka 1981, ikiwa imetokana na ombi la magavana wa Kiafrika wa Benki hiyo mwaka 1979. Ina kurasa karibu 200 na inatafuta chanzo ndani: thamani ya sarafu iliyopandishwa mno, mashirika ya umma, bodi za mazao zinazomkata mkulima.

Sasa rudini kwenye alama mliyoiweka. Berg anasema mji unaishi kwa jasho la mkulima. Azimio lilikwisha kuonya hivyo miaka 14 kabla, tena kwa Kiswahili. Katikati Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuweka mahali pake mamlaka za mazao za serikali, na mkulima akawa na mnunuzi mmoja ambaye yeye mkulima hakuweza kumkwepa. Ugonjwa uliotabiriwa na Azimio uliletwa na chama chenye Azimio. Lakini Berg naye anapunguza mno uzito wa mambo ambayo waziri wa Dar es Salaam hakuyatawala: mafuta kupanda 1973 na 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Na dawa yake haikuwa madaraka kwa mkulima bali soko. Tanzania ilibishana na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, kuanzia 1979, mwaka ambao Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu, hadi makubaliano ya 1986 chini ya Rais Mwinyi.

Kati ya hizo mbili, anzeni na Berg. Lagos ni andiko la mkutano: kila nchi ilitaka neno lake limo, likawa refu, pana na lisilo na mlipaji. Linafaa kama kinga ya Berg, halifai kama mlango.

Namna ya kuendesha usomaji

Kikundi cha watu sita hadi wanane kinatosha. Wakizidi kumi, wawili watasoma na wengine watasikiliza. Vikao vinne vya dakika 90 vinatosha kwa Azimio na Waraka.

Kikao cha kwanza, Azimio lisomwe kwa sauti kwa zamu, Sehemu ya Tatu na ya Tano. Kila mtu awe na kalamu tatu: rangi moja kwa vitenzi vya kutendwa, moja kwa kila mahali fedha inapotajwa, moja kwa neno "sisi" na viambishi vyake. Mwisho wa kikao hesabuni: "tu-" ya mkulima ni ngapi, ya chama ni ngapi, na zipi hazijulikani ni za nani.

Kikao cha pili ni cha Waraka, kuanzia utangulizi wa Kenyatta, ambapo anataraji andiko hili litamaliza mabishano ya kinadharia. Andiko linalotaka mjadala uishe lisomwe polepole. Kisha aya ya 133 na sehemu ya ardhi. Chora pauni milioni 1 ubaoni, gawa kama aya inavyosema, kisha mtu mmoja achukue nafasi ya mfugaji wa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, adai zile 80,000.

Kikao cha tatu ni cha viongozi: Masharti, Ndegwa, Mwongozo, uamuzi wa Zanzibar. Hiki huwaka moto, kwa hiyo mwenyekiti azuie mifano ya majina ya watu walio hai. Ikianza hiyo, hakuna anayesoma tena. Cha nne ni cha vivuli vya kikoloni: Swynnerton na Sheria ya 1923.

Mambo huharibika wapi? Kwanza, kikundi kinasoma nukuu za mitandaoni badala ya andiko. Pili, Watanzania wanasoma Azimio kama msahafu na Wakenya wanasoma Waraka kama hati ya mashtaka. Dawa ni kubadilishana, kila upande utetee la jirani kwa dakika kumi. Tatu, wanawake wanasahauliwa kwa sababu hawakutajwa kwenye maswali. Azimio linasema wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Baada ya kusema hivyo linawahimiza wanaume wafanye kazi zaidi, na hapo linahamia kwingine. Halisemi fedha ya zao hilo itaingia mfuko wa nani. Mwulizeni mtu wa kikundi chenu anayetoka kijijini kwenye kahawa au pamba ni nani aliyekuwa akipanga foleni siku ya malipo.